Pua iliyopinda: kabla hujakubali kupasuliwa



Hapa Hyattsville ikifika Aprili, magari yaliyolala nje yanaamka na vumbi la njano juu yake. Hiyo ni chavua ya miti. Mei na Juni inakuja ya nyasi, na kuanzia Agosti mpaka baridi iingie ni zamu ya magugu. Mtu kaishi Tanga au Mombasa miaka 30 hajui mafua ya msimu ni kitu gani, akishakaa Maryland miaka miwili mitatu anaanza kuhemea mdomo usiku kucha. Anakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, anaambiwa: ukuta wa pua yako umepinda, tunaweza kukupasua. Sasa akubali au akatae?

Jibu linategemea swali moja: kinachoziba ni ukuta wenyewe, au ni kuvimba? Maana upasuaji huu unanyoosha ukuta, aleji hauiponyi.

Kwanza tuelewane majina

Mitaani kwetu kila kitu kinaitwa "nyama za puani", na mkanganyiko unaanzia hapo. Vitu ni vinne. Kuna ukuta wa katikati unaotenganisha matundu mawili. Mbele ni gegedu, nyuma ni mfupa. Huu hupinda, ama mtu kazaliwa nao hivyo, ama alianguka au kupigwa puani. Kuna nyama za pembeni ambazo kila mtu anazo. Kazi yake ni kupasha hewa joto na kuitia unyevu, na aleji ikipanda zinavimba. Kuna vinyama laini vinavyoota mahali visipotakiwa. Na kuna vile vya nyuma ya pua kwa watoto, ambavyo kwa kawaida husinyaa mtoto akikua. Kila kimoja kina tiba yake. Kwa hiyo ukiambiwa upasuliwe, uliza: ni kipi kati ya hivi?

Tena wengi wetu ukuta haujanyooka sawasawa na hatuna taabu yoyote. Kupinda peke yake si ugonjwa.

Dalili za kuangalia

Pua hupokezana: kwa saa kadhaa tundu moja huvimba kidogo, kisha lingine. Kama kwako kuziba kunahama upande, au kunakuja na msimu pamoja na chafya na macho kuwasha, shuku kuvimba. Kama ni upande ule ule, kiangazi na kipupwe, ukuta una kesi ya kujibu. Daktari naye anaweza kupulizia dawa ya kusinyaza: pua ikifunguka vizuri, mkosaji mkuu ni kuvimba.

Ila dawa hizo za kufungua haraka, kama Afrin, usizizoee. Ukizidisha siku 3 mfululizo, pua inaweza kurudi kuziba vibaya zaidi. Spree za steroidi kama Flonase ni jambo jingine: hutumiwa kila siku, na nguvu yake huonekana taratibu. Kampuni nyingi za bima hutaka uwe umezijaribu kwa wiki kadhaa kabla ya kulipia upasuaji.

Upasuaji wenyewe

Mara nyingi unapewa nusu kaputi. Kisu kinapita ndani ya pua, kwa hiyo kovu la nje hakuna na sura kwa kawaida haibadiliki. Ngozi laini ya ndani inainuliwa, sehemu iliyopinda inanyooshwa au kuondolewa, ngozi inarudishwa na kushonwa. Njia ya kuinua ngozi hiyo ilielezwa na Otto Freer wa Chicago mwaka 1902 na Gustav Killian wa Ujerumani mwaka 1904. Lakini ukuta ukiondolewa mno, pua hubonyea kama tandiko. Ndiyo maana leo daktari anaacha ukanda wa kama sentimita 1 juu na mbele, mfano wa mwamba na nguzo ya nyumba.

Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ukiendeshwa na mtu. Vibao vya plastiki, kama umewekewa, huondolewa baada ya wiki moja hivi. Siku za mwanzo pua inaziba kuliko awali, usishtuke. Usipenge, usibebe mizigo. Anayesali amuulize daktari kuhusu kusujudu na kupandisha maji puani wakati wa udhu, kwa sababu kuinamisha kichwa kunaweza kuleta damu. Na mtaje dawa zote unazotumia, aspirini na habasoda zikiwemo.

Hatari zipo: kutoka damu, usaha, tundu kwenye ukuta, ganzi ya meno ya mbele. Kukoroma nako hakuna ahadi ya kuisha.

Je, unasaidia? Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2019, watu wazima 203, na wa Uingereza wa mwaka 2023, watu 378, yote ilionyesha waliopasuliwa wanapumua vizuri kuliko ambao hawakupasuliwa. Lakini hao walikuwa watu ambao ukuta wao ulipinda kweli na unawasumbua.

Fedha na haki

Maryland ina tume inayopanga bei za hospitali, na sheria inazitaka hospitali zitoe matibabu ya lazima bure kwa familia yenye kipato kisichozidi 200% ya mstari wa umaskini. Ada ya daktari mwenyewe na vituo vya upasuaji vilivyo nje ya hospitali haviko chini ya tume hiyo, kwa hiyo uliza mapema. Tangu Januari 2022, sheria ya Marekani inampa asiye na bima haki ya makadirio ya maandishi kabla ya siku. Na mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo katika hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Si lazima mjukuu afanye kazi hiyo.

Anayetaka kufanyiwa nyumbani wakati wa likizo, Muhimbili, KCMC na Kenyatta kuna madaktari wa pua. Lakini usiende kwa wiki moja; acha nafasi ya kuondolewa vibao na kuulizia lini unaweza kupanda ndege.

Basi ndugu zangu, msikimbilie kisu, wala msikiogope. Ulizeni kwanza kinachoziba ni nini.

Wasalaam.