Vumbi, Moshi na Chumvi: Leza na Istilahi za Chembe za Hewani katika Anga ya Baleni, Mafia

Neno vumbi likitumiwa kujumlisha chembe zote zinazoelea hewani, huficha tofauti ambazo ndizo msingi wa upimaji wa anga kwa leza. Makala hii inafafanua upimaji huo na athari yake katika uteuzi wa istilahi, kwa kutumia mfano wa Baleni, kata iliyomo katika Kisiwa cha Mafia.

Wakati wa kusi, hewa ya chini hufika kisiwani ikitoka baharini na kubeba chumvi. Wakati huohuo ni kiangazi huko bara, na mioto ya nyika hutoa moshi. Kwa kuwa pepo za juu zaweza kuvuma kuelekea kwingine, moshi huo huweza kutanda juu ya tabaka la chumvi.

Kifaa kiitwacho lida hurusha mapigo mafupi ya mwanga wa leza na kupokea kiasi kidogo kinachorudishwa na chembe. Muda wa kwenda na kurudi huonyesha umbali: mwanga unaorudi baada ya sehemu 10 za milioni moja za sekunde umetoka umbali wa kilometa 1.5. Setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa mwaka 2006 na kufanya kazi hadi 2023, ilitumia mawimbi ya nanomita 532 na 1064. Chembe ndogo za moshi hurudisha zaidi wimbi fupi. Chembe kubwa za chumvi hupunguza tofauti hiyo. Vumbi la udongo, kwa kuwa si duara, hubadili mwelekeo wa mtetemo wa nuru. Matone ya chumvi yenye unyevu hayaubadili sana.

Hata hivyo, lida haihesabu chembe moja moja, na wingu zito huuzuia mwanga wake. Aidha, CALIPSO ilirudia njia ileile kila baada ya siku 16 tu. EarthCARE, ya Ulaya na Japani, ilirushwa mwaka 2024 ikiwa na lida ya nanomita 355.

Hivyo basi, yafaa erosoli iwe istilahi ya jumla, na vumbi, moshi na chumvi ziwe aina zake. Kauli kwamba anga ya Baleni ina vumbi haitoshelezi, kwani haitaji aina wala kimo. Na mkazi wa Baleni huvuta hewa ya tabaka la chini tu.