Sera ya Jinsia Isomwe Kabla ya Kulipa Amana

Mei 1 ndiyo siku ambayo vyuo vikuu vingi vya Marekani huwataka wanafunzi wapya wathibitishe nafasi zao kwa kulipa amana. Kufikia hapo, familia imekwishajadili karo na mikopo hadi usiku wa manane. Sera ya utambulisho wa kijinsia husomwa mwisho, mara nyingi kwenye kijitabu chenye picha nzuri. Hapo ndipo wengi hukosea: kijitabu kinatafuta wanafunzi, hakiwekei chuo sharti lolote.

Vyuo vya wanawake vinaonyesha vizuri jinsi maneno ya sera yanavyotofautiana. Mwaka 2014, Mills College cha California kilitangulia kuandika rasmi kwamba kinapokea wanawake waliobadili jinsia. Mount Holyoke cha Massachusetts kikafuata mwaka huohuo na kupanua mlango zaidi, kikiwakubali hata wanaume waliozaliwa wasichana. Wellesley, mwaka 2015, hakikufika huko: kilitaka mwombaji awe anaishi na kujitambua kama mwanamke wakati wote. Sweet Briar cha Virginia kilikaza kamba mwaka 2024. Kwa kushikilia wosia wa mwanzilishi wake, Indiana Fletcher Williams, aliyefariki mwaka 1900, kinadai mwombaji athibitishe kwamba alizaliwa msichana. Msichana aliyebadili jinsia anaweza kupokelewa Massachusetts na kukataliwa Virginia kwa fomu ileile.

Tena chuo si mwamuzi wa mwisho. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, lakini tafsiri yake hubadilika na serikali. Kanuni za mwaka 2024 ziliingiza utambulisho wa kijinsia. Januari 2025 mahakama ya shirikisho huko Kentucky ikazifuta. Vyuo vya kidini navyo haviguswi na sheria hiyo pale inapogongana na imani yao. Majimbo yana yake: sheria ya Ohio iliyotiwa saini Novemba 2024 inavitaka vyuo vitenge vyoo kwa jinsia ya kuzaliwa, chuo kipende kisipende.

Mambo huwa mazito zaidi bwenini. Familia yenye mtoto aliyebadili jinsia itauliza ni jina gani litakalochapwa kwenye kitambulisho, atalala na nani, na bima ya wanafunzi inalipia matibabu gani. Familia ya Kiislamu au ya Kipentekoste yenye binti itauliza kama vyumba hupangwa kwa jinsia ya kuzaliwa au kwa anavyojitaja mwanafunzi, na kama anaweza kuhamishwa bila faini. Maswali yanatoka pande mbili, lakini yanajibiwa na ukurasa uleule wa kanuni za makazi. Kila familia inastahili jibu la wazi, kwa maandishi, kabla fedha haijatoka mfukoni. Ofisi inayojibu “tutaona akifika” haijajibu kitu.

Wazazi wengi hushangazwa na jambo moja zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za elimu, haki juu ya kumbukumbu hizo humhamia mwanafunzi mara anapoanza chuo, hata kama mzazi ndiye anayelipa karo. Chuo hakilazimiki kumweleza mama kwa simu kilichoandikwa katika faili la mwanawe. Ndiyo maana barua ya kuuliza habari za bweni inafaa iandikwe na kijana mwenyewe, mzazi akiwa ameketi naye, wote wawili wakijua kinachoulizwa na kwa nini.