Tabo Moja Kubwa kwa Injini ya V: Faida Zake na Hatari Zake

Mtu asimamaye karibu na stesheni ya Makadara wakati gari moshi la dizeli linapoondoka husikia sauti mbili. Ya kwanza ni mngurumo mzito wa injini. Ya pili ni mlio mwembamba kama wa filimbi, nao hupanda kadiri dereva anavyoongeza mafuta. Wakazi wa Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wameuzoea mlio huo. Ni sauti ya tabo, chombo kinachoisukumia injini hewa.

Chombo hicho hicho, kwa umbo dogo, hutafutwa na wenye magari wafikao kwenye gereji za Kariobangi na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi. Mwenye gari la injini ya V huuliza: je, tabo moja kubwa yaweza kufanya kazi ya mbili ndogo? Jibu ni kwamba yaweza, lakini kwa masharti. Asiyeyatimiza masharti hayo hupoteza tabo na injini pamoja, na huenda fedha hizo ni akiba ya miaka mingi.

KAZI YA TABO

Injini huchoma mafuta kwa hewa. Hewa ikiwa chache, mafuta hayawezi kuungua yote, na nguvu hupungua. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi kwa shauri la kuutumia moshi wa injini badala ya kuuacha upotee hewani. Tabo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili huzunguka pamoja nalo, likavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Katika magari madogo mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Jambo hili lina maana kubwa kwa watu wa Nairobi. Mji huu uko juu ya bahari kwa meta zipatazo 1,660, na mgandamizo wa hewa yake ni kama sehemu tano kati ya sita za ule wa Mombasa. Reli iendayo Uganda hupanda zaidi ya meta 2,700 karibu na Timboroa, na huko hewa ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kila ipandapo mlima.

SAFU MBILI, TABO MOJA

Magari mengi ya abiria yapitayo barabara ya Jogoo, kama vile Isuzu NQR, yana silinda nne zilizopangwa safu moja. Moshi wote hutokea upande mmoja, na tabo hufungwa papo hapo bila taabu. Injini ya V ni tofauti. Silinda zake ziko katika safu mbili zilizoachana kama vidole viwili, na kila safu ina njia yake ya moshi. Basi fundi ana njia mbili: kuipa kila safu tabo yake ndogo, au kuunganisha moshi wa safu zote mbili na kuupeleka kwenye tabo moja kubwa.

Viwanda vimetumia njia zote mbili. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1VD-FTV, ya silinda 8 na lita 4.5, ilitoka mwaka 2007. Katika Land Cruiser 200 ilifungwa tabo mbili. Katika Land Cruiser 70, gari la kazi ngumu, ilifungwa moja. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya ile ya tabo mbili, lakini mabomba yalipungua, na vitu vya kuharibika vikapungua pia. Vichwa vya gari moshi vya kundi la 93 vya Reli ya Kenya, vilivyotengenezwa na General Electric ya Marekani, vina injini ya V ya silinda 12 na tabo moja kubwa mwishoni mwa injini.

Kasoro ya tabo kubwa ni uzito wa gurudumu lake. Moshi huchelewa kulizungusha, na dereva akikanyaga mafuta hungoja kidogo kabla ya kupata nguvu. Kwa gari moshi, livutalo mzigo kwa mwendo wa taratibu kwa muda mrefu, kungoja huko si kitu. Kwa gari lisimamalo na kuondoka kila mara katika msongamano, ni udhia mkubwa.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza ni bomba la kuunganisha safu mbili. Chuma hurefuka kipatapo moto: bomba la meta moja likiongezeka joto kwa digrii 600 hurefuka milimita 7 au zaidi. Likikazwa pande zote bila kiungo cha mikunjo, hupasuka, au huvunja boliti za kichwa cha injini. Tena halina budi kuwa fupi na kufunikwa, kwa sababu moshi upoao njiani hupoteza nguvu ya kuzungusha gurudumu.

Pili ni oili. Mhimili wa tabo huelea juu ya oili safi. Oili huingia kwa mgandamizo, lakini hurudi kwa kuteremka tu. Kwa hiyo bomba la kurudishia liwe pana, literemke moja kwa moja, wala lisipinde juu. Oili ikikwama, huvuja kupitia tabo na gari hutoa moshi wa buluu.

Tatu ni kipimo. Injini ya petroli ya lita 3 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hunywa lita 9,000 za hewa kwa dakika hiyo. Tabo mbili zingegawana kazi hiyo. Tabo moja huibeba peke yake. Tena, ili hewa ifikie mgandamizo wa mara 1.8 wa ule wa pwani, tabo iliyoko Nairobi lazima iuzidishe mgandamizo wa hewa inayoivuta mara 2.2 hivi, yaani izunguke kasi zaidi. Tabo iliyotolewa katika lori la dizeli haifai kwa sababu tu matundu ya boliti yamelingana: moshi wa petroli ni wa moto zaidi, na waweza kulipasua ganda lake.

Nne ni mafuta na pistoni. Hewa ikiongezwa bila kuongeza petroli kwa kadiri yake, pistoni huyeyuka. Injini iliyoundwa bila tabo hushindilia hewa sana tayari. Ikiongezwa nyingine, petroli huwaka kabla ya wakati wake, na injini hugonga mpaka ivunjike. Kipoza hewa hupunguza hatari hiyo, lakini hakiiondoi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua tabo, bali ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa dhaifu, injini haistahili kuongezewa mzigo. Fundi amwambiaye mwenye gari, "Hii haifai," hakumnyima kazi. Amemhifadhia mali yake. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mlio usikikao Makadara ni wa injini na tabo zilizopimwa pamoja tangu kiwandani, na gereji nayo haina budi kuanza kwa vipimo.