Je, Wajua? Mkimbizi wa Kitabuni na Mkimbizi wa Jirani

Safu ya leo ni ya msomaji wa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro mwenye simu na bando la kubana, anayetaka kuzielewa habari za Palestina na za wakimbizi bila kutoboka mfuko.

Je, wajua kuwa halmashauri ya Ushetu imepakana na wilaya ya Kaliua, yaliko makazi ya Ulyankulu? Yalifunguliwa 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe na shamba, wakalima mahindi na tumbaku. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wapatao 162,000 kati ya Warundi wa 1972 na watoto wao.

Je, wajua kuwa Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi? Sehemu ya chakula chao ilikuja kwa treni mpaka Isaka, Kahama, kisha ikapakiwa kwenye malori. Kwa hiyo historia ya Benaco, kambi yao ya Ngara, imepita Kahama kabla ya kuingia vitabuni.

Je, wajua kuwa Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983? Hiyo ndiyo tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliowatendea wema wakimbizi.

Je, wajua kuwa mshindi wa Nobeli ya Fasihi ya 2021, Abdulrazak Gurnah, aliondoka Zanzibar akiwa kijana na kuwa mkimbizi Uingereza? Katika riwaya yake *By the Sea* (2001), mzee Saleh Omar anatua uwanja wa Gatwick na pasi isiyo yake na kijisanduku cha udi. Hotuba yake ya kupokea Nobeli inasomwa bure kwenye tovuti ya tuzo hiyo. Riwaya yake *Paradise* tunayo kwa Kiswahili: *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Hiyo kaiulizie maktaba.

Je, wajua kuwa Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makazi yao katika vita vya 1948? Wao huliita tukio hilo Nakba, yaani janga. Shirika la UNRWA lilianza kuwahudumia Mei 1, 1950, na mpaka leo halijafunga kazi. Filamu ya Al Jazeera, *Al-Nakba* (2008), ya Rawan Damen, ina sehemu nne na ipo YouTube bila malipo. Shusha ubora wa picha hadi 144 ili bando lisikate katikati ya simulizi.

Je, wajua kuwa mwandishi Mpalestina Ghassan Kanafani alilazimika kuondoka mji wa Akka katika vita hivyo vya 1948 akiwa na miaka 12, kisha akawafundisha watoto wa wakimbizi Damascus? Katika riwaya yake fupi ya 1963, Wapalestina watatu wanajificha ndani ya tangi tupu la lori la maji, juani, ili wavuke mpaka waingie Kuwait kutafuta kazi. Anayejua joto la bati la Shinyanga mwezi Oktoba hahitaji kufafanuliwa. Riwaya hiyo ikatengenezewa filamu mwaka 1972, *The Dupes*, ya Tewfik Saleh.

Je, wajua kuwa Handala, mtoto wa katuni anayetupa kisogo, alichorwa na Mpalestina Naji al-Ali mwaka 1969? Ana miaka 10, umri aliokuwa nao mchoraji alipoondoka kijijini kwao, naye hakui.

Je, wajua kuwa dola ya Palestina ilitangazwa Novemba 15, 1988, na Tanzania ikaitambua tarehe 24 ya mwezi huohuo?

Je, wajua kuwa kisheria mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi? Wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu Agosti 1996 hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuna aliyewaandikisha kuwa wakimbizi. Taarifa ya mwaka 2002 ya ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia kuhusu mgogoro wa kuondolewa kwao iko mtandaoni, bure.

Je, wajua pa kuanzia? Internet Archive, iliyoanzishwa 1996, huazimisha vitabu vingi kwa saa moja moja ukijisajili bila malipo. African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili, ruksa kupakua na kuchapa. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya 1963, ina maktaba Shinyanga na Mwanza.

Je, wajua kuwa bure na wizi ni vitu viwili? Filamu mpya inayorushwa kwenye flashi pale kibandani si ya bure. Mwenye jasho lake hajalipwa. Mtumie mwenzako kiungo halali badala ya faili la kuiba.

Juni 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Kabla haijafika, soma kimoja kati ya hivi, kisha mtafute mzee aliyepakua mahindi Isaka mwaka 1994, umwulize alichokiona. Akisimulia, andika.