Agizo Halijafika Mpaka Lirudiwe

Barua za kikazi zinazotoka halmashauri za mkoa wa Rukwa kwenda kwa watendaji wa kata na vijiji, kuanzia Laela na Matai hadi Muze kule chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, zina sura inayojulikana nchi nzima: kumbukumbu namba juu, kichwa cha habari kinachoanza na "Yah:", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Aliyesoma sekondari amefundishwa kuandika barua rasmi na huenda aliwahi kuulizwa kwenye mtihani. Tatizo linaanza pale sura hiyo inapodhaniwa kuwa ndiyo mawasiliano yenyewe. Barua inaweza kuwa na kila kitu mahali pake, mhuri ukiwemo, na bado aliyeipokea asijue afanye nini, lini, na amjibu nani. "Mnaelekezwa kuwasilisha taarifa mapema iwezekanavyo" ni sentensi isiyo na kosa la sarufi. Mtendaji mmoja ataleta taarifa kesho, mwenzake ataileta baada ya mavuno, na wote wawili watakuwa wametii. Mawasiliano ya kazini, kwa maoni yangu, ni ufundi wa kuhakikisha kuwa kilichokusudiwa ndicho kilichoeleweka, na ufundi huo unafundishika. Msingi wake ni zoea moja: aliyepokea agizo alirudie kwa maneno yake kabla ya kulitekeleza, na aliyelitoa asikilize na kusahihisha.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka vyumba vya upasuaji, na sehemu yake ilipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara. Hakukuletwa mashine mpya wala dawa mpya. Ililetwa orodha ya mambo 19 ambayo timu huyathibitisha kwa kusemezana: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake, vifaa vihesabiwe kwa sauti. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na wagonjwa waliopata madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Utafiti huo ulilinganisha hali ya kabla na ya baada, kwa hiyo si haki kuipa orodha sifa zote. Hata hivyo, ni vigumu kuyaona matokeo hayo ukaendelea kusema kwamba namna watu wanavyosemezana kazini ni pambo tu.

Msomaji makini atauliza: mbona kwingine orodha hiyo hiyo haikufua dafu? Swali ni la haki. Mwaka 2014 jarida hilo hilo lilitoa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha iliagizwa itumike, na vifo havikupungua kwa kiwango cha kuhesabika. Wapo wataalamu walioeleza kwamba muda uliopimwa ulikuwa mfupi. Wengine wakasema karatasi zilitiwa alama bila watu kuzungumza kwa kweli. Maelezo haya ya pili ndiyo yanayonigusa, kwa sababu yanafanana mno na ofisi zetu. Fomu iliyojazwa si mazungumzo, wala barua iliyowekwa kwenye jalada si ujumbe uliofika. Ndiyo maana nasisitiza kurudia, maana mtu anaweza kutia alama bila kuelewa, lakini hawezi kueleza kwa maneno yake jambo ambalo hakulielewa.

Tulitazame hilo katika kazi za hapa kwetu, uwanda wa Ufipa. Mahindi ndiyo nguzo ya uchumi wa uwanda huu, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Sasa chukulia tangazo linasema tu kwamba wakulima walete mahindi "makavu na safi". Mkulima ambaye maisha yake yote amepima ukavu kwa kung'ata punje ataona yake yamekauka. Atakodi gari, atapakia magunia, na kwenye kipimo yatakataliwa. Hapo hakuna aliyedanganya na hakuna mzembe, lakini hasara imeshaingia, nayo inamwelemea yule asiye na akiba. Tangazo lilipaswa kutaja kiwango, mahali pa kupimisha kabla ya safari, na tarehe ya mwisho. Tena mtendaji wa kijiji alipaswa kuwaomba wawili watatu mkutanoni waeleze walivyoelewa. Dakika tano zinatosha. Ni hivyo hivyo kwenye makabidhiano ya zamu wodini: muuguzi anayeondoka akisema mgonjwa "anaendelea vizuri, ila mwangalieni", anayeingia hajaambiwa aangalie nini wala amwite daktari dalili gani ikitokea.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba haya yote ni suala la Kiingereza, na kijana akikijua, mengine yatajipa. Kiingereza kina faida yake, na sekondari zetu zinafundisha kwa lugha hiyo. Lakini shughuli za halmashauri, vikao vya kijiji, na madokezo sabili yanayozunguka kati ya masjala na mkurugenzi huendeshwa kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Asiyeweza kupanga ombi lake kwa Kiswahili hatalipanga kwa Kiingereza. Atakosea kwa lugha ngeni zaidi. Isitoshe, Rukwa ni mkoa wa Wafipa, Wamambwe, Walungu, Wanyiha na Wasukuma, na kwa wengi wao, hasa vijijini, Kiswahili si lugha ya kwanza. Hiyo ni sababu nyingine ya kutodhani tu kwamba tumeelewana.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Mtumishi mpya atamrudishiaje mkubwa maneno yake bila kuonekana anamhoji? Sipuuzi hofu hiyo, kwani katika ofisi nyingi kuuliza huhesabiwa ujeuri. Ila mila ya Ufipa haiko upande wa ukimya. Salamu za hapa, mdogo akiinama na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa, ni za kupokezana: salamu moja ikijibiwa, ndipo inafuata nyingine, na mkubwa naye ana wajibu wa kuitikia. Adabu hiyo inabeba kabisa maneno kama "Mzee, naomba nihakikishe nimekuelewa: taarifa ya pembejeo, Ijumaa saa nne, niilete kwa afisa kilimo." Mkubwa hajavunjiwa heshima hapo. Ameonyeshwa kwamba agizo lake limechukuliwa kwa uzito, na kama alisahau kutaja tarehe, amepata nafasi ya kuitaja bila aibu. Kinachotakiwa ni mkubwa mwenyewe kuanza, kwa kusema "Hebu nirudishie, nione kama nimeeleza vizuri." Hapo lawama inamwangukia msemaji, na msikilizaji anakuwa huru.

Makundi ya WhatsApp yameongeza ugumu. Agizo linatumwa usiku kwa sauti ya dakika tatu, watu 40 wanajibu "Sawa", na wiki inayofuata kila mmoja ana kumbukumbu yake. Simu si adui. Agizo likishatolewa humo, mmoja apewe kazi ya kuandika kwa mistari miwili nani anafanya nini na lini, na wahusika wathibitishe kwa kutaja sehemu zao.

Kozi rasmi zipo. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoanzishwa mwaka 2000, kina kampasi Mbeya na Tabora. Lakini nauli, ada na ruhusa ya kuondoka kazini havipatikani kwa wote, na ufundi huu hauhitaji kusubiri kozi. Wakuu wa idara wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, nanyi walimu mnaowaandaa vijana kwa mafunzo kwa vitendo: toeni barua tano za zamani masjala, futeni majina, wapeni watumishi wapya waseme kila barua inataka nini, kwa nani, kabla ya lini. Zisizojibu waziandike upya, ombi likiwa aya ya kwanza. Kisha mmoja atoe agizo kwa mdomo, mwenzake alirudie. Nusu saa kila Jumatatu inatosha kuanza, na anzeni na barua mlizozitia saini ninyi wenyewe.