Gari la Reli na Barabara: Pima Reli Kabla ya Kulipa

Umepata kandarasi ya kukarabati njia ya reli, fedha ni kidogo, kazi inaanza karibuni. Kabla ya kuuliza bei ya gari linalotembea reli na barabara, uliza upana wa reli. Reli ya zamani ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) ni milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, reli mpya ya SGR 1,435. Mtumba wa Japani kwa kawaida ni wa 1,067, wa Uingereza au Ujerumani 1,435. Ukinunua usiolingana, kubadilisha ekseli kutameza nafuu yote.

Pickup ya reli na barabara ni nafuu kuliko ekskaveta. Dereva huisimamisha kwenye kivuko cha reli, kisha hushusha magurudumu madogo ya chuma kwa haidroliki. Hayo huongoza tu. Matairi ya mpira ndiyo yanayosukuma na kufunga breki. Vipuri vya gari lenyewe vinapatikana kila mji. Lakini kwenye reli ya mita moja, matairi ya pickup ya kawaida huangukia nje ya reli. Hapo utahitaji magurudumu ya chuma yenye mota zake, ghali zaidi, na fundi wake ni wa kutafuta.

Ekskaveta ya reli ni ghali, ila inabadilisha mataruma na kuchimba kokoto yenyewe. Kagua breki. Zipo ambazo magurudumu ya chuma hutegemea matairi kusimama. Wakati wa kuipandisha relini pana kipindi ambacho hakuna breki inayoshika. Uingereza mashine za namna hiyo zimewahi kuteremka zenyewe. Dai breki kwenye magurudumu ya chuma, hata kama muuzaji anaongeza bei.

Kiberenge, kigari cha relini tu, kinatosha kwa ukaguzi na kubeba wafanyakazi. Kasoro yake: treni ikija, hakiwezi kutoka relini na kuingia barabarani kwenye kivuko, lazima kifike njia ya pembeni au kinyanyuliwe.

Gharama zilizofichika huanzia bandarini. Kwa kanuni za kimataifa za forodha, gari la reli na barabara huhesabiwa kama gari la barabarani, si la reli. Pata hesabu ya kodi kwa maandishi kabla ya kutuma fedha. Ongeza bima, kibali cha kuingia njiani, na magurudumu ya chuma yaliyolika.

Kazi ya miezi michache, kodi gari badala ya kununua, na mkataba useme nani analipa dereva, mafuta na usafirishaji. Kazi ya miaka kwenye SGR, nunua pickup. Kwenye reli ya mita moja, usinunue kitu ambacho hujakiona kikitembea juu ya reli ya upana huo.