Kiwanja kitupu cha mtaani nacho kina mchango kwenye presha yako

Mama mmoja wa miaka 50 na ushee alikuwa akija kliniki kwangu kila mwezi kupima shinikizo la damu. Dawa alikuwa anameza kama alivyoelekezwa, chumvi amepunguza, lakini presha ilikuwa haishuki kama nilivyotarajia. Kila alipokuja nilimuuliza kama anafanya mazoezi, na kila mara alijibu hapana. Nikamsisitiza: mama, tembea tu nusu saa kwa siku, haihitaji gharama. Nakiri kwamba moyoni nilishaamua ni mvivu.

Mwezi wa tatu alinijibu, “Dokta, hiyo nusu saa nikatembelee wapi? Nikitoka getini tu, kuna lile pori.”

Akanieleza. Karibu na kwake kuna kiwanja ambacho mwenyewe hajulikani alipo. Kuna pagale lisilo na paa, na nyasi zimemfika mtu kifuani. Watu wanamwaga taka usiku. Vibaka wamemnyang’anya simu kijana wa jirani hapo hapo, na binti yake akichelewa kurudi kutoka kazini, yeye hulazimika kukaa macho mpaka amsikie anagonga geti. Asubuhi anaogopa kupita, jioni anaogopa zaidi. Usingizi wake ni wa mang’amung’amu.

Nilikuwa nimemwandikia dawa, lakini njia ya kuifikia dawa ile ya pili, yaani kutembea, ilikuwa inapita kwenye kiwanja ambacho mimi sikuwahi kukiuliza.

Msomaji, bila shaka na wewe unakijua kiwanja cha namna hiyo mtaani kwenu. Wiki hii tuangalie kinafanya nini kwenye miili yetu, na wakazi wenyewe wanaweza kufanya nini.

Magonjwa yanayoonekana

Tuanze na yale ambayo afisa afya wa kata angeyataja mara moja.

La kwanza ni mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hahitaji bwawa. Anatosheka na maji kidogo yaliyotuama kwenye tairi chakavu, kopo, kifuu cha nazi au kipande cha plastiki. Mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua inaponyesha. Huyu huuma zaidi mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi kukukinga. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya dengue ya mwaka 2014 na 2019.

La pili ni panya. Panapomwagwa mabaki ya chakula na pana vichaka vya kujificha, panya hawakosi. Mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwamo, ndio unaoeneza homa ya mgunda, ugonjwa ulioleta taharuki mkoani Lindi mwaka 2022. Vimelea huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi au utando wa macho, pua na mdomo, mtu anapogusa maji au udongo wenye mkojo huo. Mtoto anayefuata mpira peku kwenye dimbwi la kiwanja hicho yuko hatarini.

La tatu ni moshi. Taka zikijaa, mtu atazichoma, na ndani yake kuna plastiki. Wenye pumu na watoto wachanga wa nyumba za karibu ndio wanaokuja kwetu usiku wakihema kwa shida. Hapo sijataja misumari, vipande vya chupa na nyoka.

Ugonjwa usioonekana

Lakini mama yule hakuwa na dengue wala homa ya mgunda. Alikuwa na hofu, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Na hofu ni jambo la mwili pia. Unapoogopa, mwili hutoa homoni zinazoufanya moyo upige haraka na mishipa ya damu ikaze. Ukipona hatari, mwili hutulia. Shida ni pale hatari inapokuwa jirani yako wa kudumu, kwani mwili haupati nafasi ya kutulia vizuri. Usingizi unaharibika, na mtu asiyelala vizuri presha na sukari yake ni vigumu kuidhibiti.

Hili limepimwa, na pahala lilipopimwa vizuri ni mji wa Philadelphia, Marekani. Mji ule ulipoteza viwanda na wakazi wengi katika nusu ya pili ya karne iliyopita, ukabaki na makumi ya maelfu ya viwanja visivyo na mtu. Nyumba zilibomolewa, majani yakaota, taka zikamwagwa, na wahalifu wakaficha bunduki humo.

Watafiti, wakiwamo Charles Branas, Eugenia South na John MacDonald, walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu, kama tunavyofanya tunapojaribu dawa mpya. Kundi la kwanza viwanja viliondolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye uwazi wa kuingilia, kisha vikatunzwa mara kwa mara. Kundi la pili vilizolewa taka na kufyekwa kidogo tu. Kundi la tatu havikuguswa. Wakazi waliokuwa wakiishi karibu walihojiwa kuhusu hali zao kabla na baada ya kazi hiyo, bila kuambiwa kwamba maswali yanahusu viwanja.

Matokeo ya afya ya akili yalichapishwa mwaka 2018. Karibu na viwanja vilivyopandwa na kutunzwa, kujihisi mwenye sonona kulipungua kwa asilimia 41.5 ikilinganishwa na pale ambapo hapakuguswa. Katika mitaa ya watu maskini zaidi, kulipungua kwa zaidi ya asilimia 68. Utafiti mwingine wa viwanja hivyo hivyo ulionesha kwamba hofu ya kutoka nje ilipungua, watu wakaanza kukaa na kupiga soga nje zaidi ya zamani, na katika mitaa maskini matukio ya kutumia bunduki yalipungua kwa asilimia 29.

Kabla ya hapo, watafiti wa mji huo walikuwa wameshawavalisha wakazi wachache vifaa vya kupima mapigo ya moyo na kutembea nao mtaani. Walipopita mbele ya kiwanja kilichopandwa majani, mapigo yao yalikuwa chini kuliko walipopita mbele ya kiwanja kilichotelekezwa.

Kufagia mara moja hakutoshi

Naomba usome tena habari ya kundi la pili, lile la kuzoa taka tu. Katika afya ya akili, kundi hilo halikuonesha nafuu ya kutegemewa.

Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la utafiti ule, kwa sababu ndilo kosa letu. Sisi tunajua kufanya usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka na mafagio, reki na mafyekeo. Mtaa wa mama yule nao walitoka. Walikifyeka kiwanja kile siku moja, wakazoa taka, wakapiga picha. Mvua za masika zikanyesha. Wiki chache baadaye nyasi zilikuwa magotini, na mtu wa kwanza akatupa mfuko wa taka usiku. Wa pili alipouona mfuko huo, akaweka na wake.

Kiwanja kilichofagiliwa mara moja bado kinatangaza kwamba hakina mwenyewe. Uzio mfupi, miti iliyopandwa kwa mstari na majani yaliyokatwa juzi vinatangaza kwamba kuna watu wanaokiangalia. Anayetaka kumwaga taka anasita, na anayepita akirudi nyumbani anatulia. Ndiyo maana uzio wa Philadelphia haukuwa ukuta. Ulikuwa mfupi ili watu waone ndani, na ulikuwa na nafasi ya kuingilia ili watoto wacheze. Ukuta mrefu ungewapa wahalifu maficho mapya.

Gharama nayo haikuwa ya kutisha kwa nchi ile: takriban dola 1,600 kukitengeneza kiwanja kimoja, na dola 180 kwa mwaka kukitunza. Kwetu ni fedha nyingi, lakini tazama uwiano wake. Kutunza ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuanza. Anayeacha kutunza anaipoteza ile kubwa aliyokwisha kuitoa.

Mtaa wenu unaweza kuanzaje?

Kwanza, fahamuni kiwanja ni cha nani. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kushika fyekeo. Kama ni eneo la wazi la umma, fuateni taratibu za halmashauri, na hii itasaidia pia lisije likavamiwa. Kama lina mmiliki, atafutwe, na makubaliano yaandikwe: wakazi watalitunza, wala hawatadai kuwa ni lao, naye atawapa taarifa mapema akitaka kujenga. Wamiliki wengi wanaogopa kudhulumiwa kiwanja zaidi ya wanavyoogopa nyasi. Mwondoleeni hofu hiyo kwa maandishi.

Pili, ondoeni kwanza vinavyotunza maji. Matairi, makopo, vifuu na ndoo zilizopasuka vitoke vyote. Mashimo yafukiwe na mtaro uzibuliwe. Vaeni viatu vya kufunika mguu na glovu. Msichome plastiki hapo; takataka zipelekwe mahali zinapochukuliwa na mzoaji.

Tatu, fyekeni kiasi cha kuona upande wa pili. Majani mafupi na miti iliyopunguzwa matawi ya chini humwezesha mtu kuona mbele yake. Vichaka vinene vya mapambo kando ya njia havifai. Kama kuna pagale, mwenyekiti aliandikie taarifa. Msivunje mali ya mtu.

Nne, fikirini kabla ya kupanda chakula. Najua wengi mtasema tupande mchicha na matembele, na kweli bustani ni jambo jema. Lakini udongo wa mahali palipokuwa gereji, dampo au kando ya mto unaopokea maji ya viwanda unaweza kuwa na madini mazito kama risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam ulikuta madini hayo ndani ya mboga. Kuosha hakutoi madini yaliyokwisha kuingia kwenye jani. Risasi huathiri ubongo wa mtoto. Kama hamjui historia ya kiwanja na hamna uwezo wa kupima udongo, pandeni majani, maua na miti ya kivuli, na mboga mzipande kwenye magunia au maboksi yaliyojazwa udongo safi kutoka kwingine.

Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote, pangeni zamu kabla ya siku ya usafi, si baada yake. Nani atafyeka mwezi ujao? Nani atamwagilia miche kiangazi? Nani ataokota mfuko wa kwanza wa taka asubuhi, kabla haujaita wa pili? Kama mtaa wenu hauna majibu ya maswali hayo, anzeni na kipande kidogo mnachokiweza. Ukiweza kuwalipa vijana wawili wa mtaa kwa michango midogo ya kila nyumba, kazi itadumu kuliko ya kujitolea.

Nafahamu kwamba Philadelphia si Buguruni wala Mbagala. Mbu wetu ni wengi kuliko wao, bunduki zetu ni chache, na ardhi yetu haikai tupu muda mrefu bila kuvamiwa. Sitakuahidi asilimia 41. Ila hofu ya mtu anayepita gizani ni ileile, na moyo unaodunda kwa hofu hiyo ni uleule.

Mama wa presha

Mtaa wa mama yule walirudi tena kwenye kile kiwanja. Safari hii nyumba tisa zinazokizunguka zilikubaliana zamu ya Jumamosi moja kila moja. Wamepanda miarobaini minne kando ya njia na kuweka mabenchi mawili ya mbao za mirunda.

Presha yake imeshuka. Lakini nisikudanganye, msomaji: kipindi hichohicho nilimwongezea dawa ya pili, kwa hiyo siwezi kusema ni nyasi au ni kidonge. Ninachojua ni kwamba anatembea asubuhi na jirani zake wawili, na kwamba binti akichelewa humkuta mama yake amekaa kwenye benchi, si nyuma ya geti.

Mimi nami nimebadilika. Mgonjwa akiniambia hafanyi mazoezi, siku hizi namuuliza kwanza: ukitoka nje ya nyumba yako, unakuta nini?